Niliapa kwa Jina Langu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Madam Wavinya, mwalimu wetu wa drama, amesema kila mwigizaji awe na daftari. Tuandike mambo ya mazoezi, na kila Ijumaa atakusanya asome. Vijana walinung'unika kama punda waliobebeshwa mchanga. Mimi sikunung'unika. Mimi Kitonga niliwahi kumwandikia naibu wa chifu barua moja tu, akaomba uhamisho. Basi Madam, karibu usome.

Nina miaka hamsini na mbili. Shule niliacha darasa la saba kwa sababu mwalimu wa hesabu aliona nitamnyang'anya kazi. Fundi wa mawe nimekuwa miaka ishirini na sita. Ukitoka hapa Kikima ushuke mpaka Kiboko, nyumba yoyote isiyo na ufa, uliza, utaambiwa ni Kitonga. Lakini siku hizi kaunti haitaki mkono, inataka cheti. Ndiyo maana Januari nikaingia chuo hiki cha ufundi kusomea kazi ambayo naweza kumfundisha mwalimu.

Drama sikuomba, niliitwa. Mchezo ulitaka mzee, na chuo kizima wazee ni wawili, mimi na mlinzi, na mlinzi anaogopa watu. Mchezo ameandika Gedion, kijana anayesomea ufundi wa stima, mwaka wa pili. Ni habari ya mtu anaitwa Nzioka. Ndugu yake akifa, Nzioka anasogeza mpaka wa shamba la mjane. Anaitwa mbele ya ukoo, anaapa kwamba hakusogeza, na mwisho kiapo kinamuua. Nzioka ndiye mimi. Mjane ni Mutindi, anayesomea ushonaji, mtoto wa marehemu ndugu yangu Kyule. Mwenyekiti wa baraza ni Deeq, kijana Msomali wa makanika ambaye baba yake ana duka la mataya ya magari Mtito Andei.

Mashindano ya vyuo ni mjini Wote, tarehe ishirini na moja Novemba. Chuo chetu hakijawahi kuvuka raundi ya kwanza. Kilikuwa hakijanipata.

Jumanne, 7 Oktoba

Jua. Watu wamepanda kwenye vumbi, wanangoja mvua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Skripti ina maneno madogo sana, na miwani yangu niliisahau Kitui kwa wakwe mwaka juzi. Kwa hiyo pale ninaposahau naongeza yangu. Leo nilimwongezea Nzioka habari ya siku nilipomfukuza simba Mtito Andei kwa mwiko wa kupigia plasta. Wote walicheka isipokuwa mwenye mchezo.

"Anko," Gedion akasema, "hiyo simba imetoka wapi? Haiko kwa skripti."

"Imetoka Tsavo. Wanavuka reli."

"Noma sana. Anko, hapa ni kikao cha ukoo, watu wana hasira. Huwezi kuleta simba."

Madam akasema, "Mzee Kitonga, Nzioka hajawahi kupigana na simba."

"Madam, hajapewa nafasi."

Mutindi alicheka mpaka akajifunga mdomo na leso. Huyu msichana akicheka ni Kyule mtupu. Akinuna vilevile. Na akisimama mahali pale tulipochora jukwaa kwa chokaa, hachezi. Ametuambia drama ndiyo anataka maishani, cherehani ni ya kula tu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Jua. Ukurasa wa pili nimeshika wote, isipokuwa katikati.

Ijumaa, 17 Oktoba

Leo walileta kithitu cha mchezo. Kwa Deeq na wengine wa mbali nilieleza: kithitu ni kiapo chetu sisi Wakamba. Ni pembe iliyojazwa vitu ambavyo havitajwi. Mwenye kuapa anaigonga kwa kijiti mara saba, anataja jina lake, la baba yake na ukoo wake, anasema neno lake, halafu anasema: kama nasema uongo, kinimalize mimi na watu wangu. Hakichagui. Kinaweza kukuacha wewe kianze na mke.

Gedion alikuwa ametengeneza ya karatasi na gundi. Nikamwambia hiyo hata kuku hawezi kuiogopa. Nimechukua kazi hiyo mimi. Nina pembe ya fahali wa marehemu baba, fahali ambaye alikuwa akilima shamba bila kuambiwa. Nitaijaza udongo na majani, niizungushie ngozi. Wakiiona kule Wote watakimbia.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mapumziko. Kazi ya pembe imeisha. Mke wangu Kalunde amekataa ilale ndani. Imelala na mbuzi.

Jumatano, 22 Oktoba. Huku nyuma ya daftari

Madam, kama umefungua huku, funga. Kuanzia leo mambo mengine nitayaandika nikianzia nyuma, na Ijumaa nitabana kurasa hizi kwa pini.

Leo tulifanya kiapo kwa mara ya kwanza. Pembe katikati ya jukwaa juu ya jiwe. Deeq kwenye kiti. Mutindi upande wa kulia, amejifunga leso nyeusi. Nilikuwa nataka kuwaonyesha. Nikapiga goti moja kama nilivyomwona babu, nikashika kijiti, nikagonga moja, na jina la Nzioka likaniruka. Kichwani hakuna kitu. Mkono ulikuwa umeshaanza, na mdomo ukafuata njia unayoijua. Nikasema: mimi Kitonga, mwana wa Musyimi. Nikataja ukoo wangu. Nikasema sikusogeza mpaka wa ndugu yangu marehemu, hata hatua moja. Kama nasema uongo, kinimalize mimi na watu wangu. Nikagonga mpaka saba.

Walipiga makofi. Gedion akapiga mluzi. "Anko, umeua! Lakini umejitaja wewe, buda! Nzioka ameenda wapi?"

Wakacheka. Madam akasema tutarudia kesho. Mutindi alinisaidia kuinuka, akasema, "Anko, mikono yako ni baridi." Nikamwambia ni damu ya mashujaa, huwa inakaa ndani.

Sasa niandike. Karatasi haina mdomo.

Kyule alizikwa Agosti 2019. Kabla ya mvua ya mwaka huo niling'oa mkonge wa mpaka, nikaupanda upya hatua kumi na nne ndani ya shamba lake. Nilifanya kazi siku tatu, mchana, watu wakipita, na waliouliza niliwaambia nabadilisha mkonge uliozeeka. Hatua kumi na nne zilichukua ngazi nzima iliyochimbwa kwenye mteremko wa shamba, ile yenye udongo mweusi, na zikachukua jiwe bapa ambalo shemeji yangu Syombua, mke wa Kyule, alikuwa akianikia kunde.

Syombua aliona. Akaenda kwa wazee wa ukoo akasema, jiwe langu la kunde lilikuwa kwangu. Na mimi nikasimama na sauti hii yangu. Nikasema jiwe ni langu tangu baba, Kyule alikuwa akiomba tu kwa udugu. Nikasema shemeji amepatwa na msiba mzito, kichwa chake kimechoka, tumvumilie. Nikasema pole pole, kwa huruma. Wazee wakatikisa vichwa. Kanisa likamwombea akili yake Jumapili tatu. Baada ya hapo akaanza kusema mwenyewe, labda nimesahau. Leo akipoteza kijiko watu wanaangaliana.

Mambo yangu mengi ya uongo yamechekesha watu. Hili halikumchekesha mtu, na ndilo pekee waliloliamini lote.

Alhamisi, 23 Oktoba

(Mbele.) Tumerudia kiapo. Nilitaja Nzioka vizuri. Madam amesema jana nilikuwa na kitu, leo sina. Nimesema nitakitafuta.

Jumamosi, 25 Oktoba. Nyuma

Jua. Ng'ombe wa Kalunde ametoa mimba. Kalunde anasema ni majani makavu. Nimezika ndama mwenyewe.

Jumanne, 28 Oktoba. Nyuma

Kalunde ameamka shavu limevimba.

Jumatano, 29 Oktoba. Nyuma

Nilienda kwa mchungaji. Sikumwambia kila kitu. Nilimwambia kuna kiapo cha mchezo, na roho yangu haitulii. Akacheka, akanishika bega. "Ndugu Kitonga, hivyo vitu havina nguvu. Ni pembe tu."

Nilikuwa nayo kwenye mfuko wa simiti. Nikaitoa, nikaiweka mezani. "Basi mchungaji, gonga wewe. Mara moja tu. Taja jina lako nione."

Akarudisha kiti nyuma. "Mimi siwezi kugusa mambo ya dunia."

"Si ni pembe tu?"

"Ndugu Kitonga, toa hiyo kitu kwa ofisi ya Bwana."

Akaniombea nikiwa mlangoni, na pembe ikiwa nje.

Ijumaa, 31 Oktoba

(Mbele.) Madam, asante kwa maoni yako kwamba daftari langu limepungua maneno. Nimekuwa na kazi ya ujenzi. Naona pia umeandika "Una kipaji, usikimbie." Mimi kukimbia sijui. Niliwahi kusimama mbele ya ndovu.

Jumatatu, 3 Novemba. Nyuma

Shavu la Kalunde limefika jichoni. Hali ugali, anakunywa uji kwa kijiko cha mtoto. Nikimwangalia naona siku zinahesabiwa. Yeye anasema ni jino, mimi najua ni nini. Nimemwambia twende hospitali, anasema baada ya kupalilia. Kupalilia nini, na mvua haijanyesha!

Jumanne, 4 Novemba. Nyuma

Baada ya mazoezi nilimvuta Deeq kando. Nilimwona ni mtu wa mbali, hana ukoo hapa wa kupeleka maneno. Nikamwuliza, kwa dini yenu, mtu akiapa katika mchezo, kiapo kinamshika?

Akafuta mikono ya grisi. Huyu kijana hana haraka. "Anko, kiapo gani? Ile ya siku ulisema jina lako?"

"Tuseme hiyo."

"Mchezo ni mchezo. Lakini anko..." Akaniangalia. "Ulikuwa unasema uongo?"

Hakuna mwingine aliyeniuliza hilo. Madam aliuliza kama nimekariri. Mchungaji aliuliza kama nimeokoka. Nilimwambia Deeq kwamba mataya ya baba yake ni mabovu, nikaondoka. Nyuma yangu akaita, "Anko! Samahani, anko!" Yeye ndiye aliyeomba msamaha.

Alhamisi, 6 Novemba. Nyuma

Mvua. Imeanza saa kumi alfajiri. Nilitoka na shuka nikasimama uani, nikingoja kuona kama itaruka shamba langu. Haikuruka. Imenyesha kwangu, kwa Syombua, kwa mchungaji, kwa kila mtu, sawasawa.

Jumamosi, 8 Novemba. Nyuma

Nimekwenda Kitui, kupita kwa wakwe, kwa mzee mmoja ambaye zamani watu walimwendea kutoka mbali mambo ya viapo yakiwashinda. Nilitegemea nyumba ya giza. Nikamkuta sokoni kwenye kibanda cha kuchaji simu, nyaya zimemzunguka kama mzinga wa nyuki, anaongea na wateja watatu kwa wakati mmoja. Nikamwambia nina rafiki yangu.

"Rafiki yako aligonga ngapi?"

"Saba."

"Jina?"

"La kwake kabisa. Kwa kusahau."

"Na neno lilikuwa la uongo."

Nikaangalia zile nyaya. Akachomoa simu ya mama mmoja, akampa. "Kuna mbuzi, kuna majani ya kutakasa, hayo ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni moja. Rafiki yako amlete yule aliyedhulumiwa, aseme yote mbele yake. Yote. Akibakiza, heri asingekuja, mbuzi amekufa bure."

"Hakuna njia nyingine?"

"Iko. Akae hivyo hivyo." Akacheka, meno mawili. "Mwambie rafiki yako simu yake ikiisha moto pia alete."

Jumatano, 12 Novemba. Nyuma

Kalunde amekubali hospitali. Kumbe ni jino. Limeng'olewa saa tano, saa tisa alikuwa anakula mahindi ya kuchemsha upande mmoja na kunitukana upande wa pili kwa kuwa nililia mbele ya daktari.

"Mwanaume mzima! Ungeng'olewa wewe si ungejizika!"

Nilicheka naye. Nikasema moyoni, Kitonga, umepona. Hakuna kitu. Pembe ni pembe.

Alhamisi, 13 Novemba. Nyuma

Sikupona.

Leo Mutindi ameongeza maneno. Alimwomba Madam ruhusa, Gedion akakubali. Katika kikao cha ukoo, kabla sijaapa, mjane anasimama anasema: "Mliniambia kichwa changu ni kibovu, nikaenda nyumbani nikaanza kukiangalia kichwa changu kama mtu anayeangalia mbwa mgeni. Sijui kitaniuma lini."

Madam alisahau kuandika. Gedion alisema, "Mutindi, hiyo umetoa wapi?" Akajibu, "Ni mamangu husema."

Mimi nilikuwa nimeshika kijiti. Neno langu lilifuata hapo na sikulitoa. Madam akanikumbusha mara mbili.

Miaka sita nimekula mbaazi za ile ngazi nikijua nimeiba udongo. Udongo nilijua. Sikujua kitu kingine nilichukua, au nilijua na nikakiita huruma.

Ijumaa, 14 Novemba

(Mbele.) Mazoezi mazuri.

Jumapili, 16 Novemba. Nyuma

Kunde zimeota. Zilizoota vizuri kuliko zote ni zile za ngazi ya udongo mweusi. Kanisani Syombua alikaa mbele yetu. Waliposimama kuimba alifungua mkoba mara nne kuhakikisha ufunguo wa nyumba yake uko. Nilihesabu.

Jumanne, 18 Novemba. Nyuma

Nilimwomba Madam ampe Gedion nafasi yangu. Nilisema kifua. Akanikalisha.

"Mzee Kitonga, siku tatu zimebaki. Hawa watoto wamefanya kazi tangu Septemba. Mutindi anaamini watu wa Wote wakimwona maisha yake yatabadilika, na mimi pia naamini. Unataka nimwambie anko yake ana kifua?"

Nikasema kifua kimepona.

Alhamisi, 20 Novemba. Nyuma

Nimemwambia Mutindi.

Nilimngoja nje ya karakana ya ushonaji. Alitoka na nguo za mchezo mkononi, leso ile nyeusi juu. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu, na vituo vya kucheka. Nikasema, "Mutindi, ule mpaka niliusogeza."

"Tunaanzia ukurasa gani?"

"Si Nzioka. Mimi. Mpaka wenu."

Alisimama. Nguo zikaanza kuteleza, hakuzishika.

"Anko, usifanye mchezo na hiyo maneno."

"Baba yako alipokufa. Niling'oa mkonge."

"Hatua ngapi?"

Hapa ndipo niandike polepole. Mimi ni mtu ambaye samaki wa mkono mmoja humfanya mamba. Maisha yangu yote namba mdomoni mwangu hunenepa. Leo kwa mara ya kwanza niliikondesha. Nikasema, "Saba."

Nilijua kwa nini. Hatua saba kutoka mkonge wa sasa hazifiki kwenye jiwe. Kwa saba mimi ni mtu aliyekosea kidogo na mkonge, Mungu anisamehe. Kwa kumi na nne mimi ni yule aliyesimama mbele ya wazee akamwita mke wa ndugu yake mwenda wazimu kwa sauti ya huruma.

"Mama husema ni zaidi," akasema.

"Mama yako..." Nikakata. Alisikia palipokatika. Uso wake ulifungika kama duka.

"Malizia. Mama yangu nini?"

"Hakuna."

Aliokota nguo moja moja, akazikung'uta. Hakulia. "Kesho utaigiza. Hutaharibia watu kazi yao kwa sababu ya dhambi zako. Utaapa vile imeandikwa. Jumapili tutaenda shambani na wazee, utaonyesha hizo saba zako. Na mama anakuja kesho kuniona. Nisikuone umeenda karibu na yeye."

"Sawa, mwanangu."

"Usiniite hivyo."

Ijumaa, 21 Novemba. Nyuma

Tumekuwa wa kwanza.

Nitaandika kwa ufupi. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Syombua alikaa mstari wa tatu, kitambaa cheupe kichwani, mkoba magotini. Mutindi aliposema yale maneno ya kichwa na mbwa mgeni, aliniangalia mimi, si ukoo. Ukumbi mzima ukasikia mtu akikohoa nje barabarani. Halafu zamu yangu.

Nilipiga goti. Nikasema mimi Nzioka, mwana wa Ndambuki. Jina halikupotea. Nikasema sikusogeza mpaka wa ndugu yangu marehemu, hata hatua moja. Nikainua macho nikamwona Syombua ameinama mbele kusikiliza, mdomo wazi kidogo, kama mtoto. Kijiti kiliniponyoka. Nikakitafuta kwa magoti. Wengine walidhani ni mchezo. Nikagonga. Kila pigo lilitoka tumboni. Nilipofika saba sikuweza kuinuka, na Deeq aliteremka kwenye kiti chake cha baraza, jambo ambalo haliko kwenye skripti, akaniinua kwa kwapa.

Mwamuzi mmoja alisema hajaona mwigizaji aliyebeba uongo mwilini namna ile. Gedion alinibeba mgongoni. "Anko! Anko wa taifa! Mkoani tunaenda kumaliza watu!" Siku nyingine ningemwambia kwamba hata niliwahi kuigiza mbele ya rais wa nchi jirani. Nilimwambia aniteremshe.

Halafu Syombua akaja. Mutindi alikuwa amezungukwa na watu, hakuweza kumzuia. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shemeji," akasema, "umeigiza. Yaani ulivyoapa hukusogeza, mimi hata nilikuamini."

Jumamosi, 22 Novemba. Nyuma

Mvua siku nzima. Sikutoka.

Jumapili, 23 Novemba

Sibani tena kurasa. Madam, hii uisome ukitaka, na zile za nyuma nimetoa pini.

Baada ya ibada tulikwenda shambani. Wazee wawili wa ukoo, Kalunde wangu ambaye nilimwambia jana usiku, Mutindi, na Syombua. Matope yalishika viatu. Mutindi alikuwa amemweleza mama yake asubuhi. Syombua hakunitukana. Aliniamkia kama kawaida, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko tusi.

Nilisimama kwenye mkonge, nikatembea kuelekea kwangu, wazee wakihesabu. Moja, mbili. Kwenye saba nikasimama. Mzee mmoja akapigilia kigingi. "Ni hapa?"

"Ni hapa."

"Umefanya vizuri kusema, Kitonga. Wengi hufa nalo."

Syombua akasema, "Asante, shemeji. Inatosha, mngeacha hata hivyo." Mutindi alikuwa ananiangalia mimi tu. Mama yake akatangulia kupanda, njia inayopita kando ya jiwe bapa. Alipofika akalipapasa kwa kiganja, likiwa limeloa, akamwambia Mutindi, si kwa sauti ya kutaka nisikie:

"Na hili sasa. Hili nililiota tu. Ona vile kichwa inaweza kudanganya mtu."

Mzee alikuwa anakunja kamba. Kalunde alikuwa anakwangua matope. Ilikuwa imeisha. Ningeweza kwenda nyumbani na hatua zangu saba na sifa za Wote na mwaliko wa mkoani, na hakuna mtu duniani ambaye angejua, ila tu Syombua angeendelea kufungua mkoba kanisani.

Nikaanza kutembea tena. "Kitonga, unaenda wapi?" mzee akauliza. Nane. Nikakanyaga kunde zangu. Tisa, kumi. Mutindi aliacha mkono wa mama yake. Kumi na tatu nikalipita jiwe. Kumi na nne nikasimama.

"Hapa," nikasema. "Mpaka ulikuwa hapa. Jiwe lilikuwa lako, shemeji. Kyule hakuniomba. Niliwadanganya wazee, nikawaambia kichwa chako kimechoka. Hakikuwa na kitu. Ulikuwa unakumbuka vizuri. Ni mimi."

Syombua alikaa juu ya jiwe, kwenye maji, na nguo ya kanisa. Halafu akasema, akiangalia mikono yake:

"Miaka sita sijabeba mtoto wa mtu. Wakiniletea mtoto nasema mkono unauma. Niliogopa nitamweka mahali nisahau."

Mutindi alipiga magoti kwenye matope, akamkumbatia mama yake miguuni. Mimi hakuniangalia tena. Kesho kuna mazoezi ya mkoani na sijui kama nitakuwa na mtu wa kuigiza naye, wala sikuuliza.

Mzee aliking'oa kigingi, akakileta hadi nilipo, akakipiga kwa jiwe. Nilitaka kusema kitu kingine. Nilitaka kusema miaka ile ilikuwa migumu, kwamba watoto wangu walikuwa shule, kwamba Kyule mwenyewe angenielewa. Vyote vilikuja mdomoni vimevaa vizuri.

"Shemeji," Syombua akasema. "Sema tena."

"Ulikuwa unakumbuka vizuri. Ni mimi."

Akafumba macho kama mtu anayeonja chumvi. "Tena."

Nikasema tena. Mvua ilianza, wazee wakajifunika magunia, na hakuna aliyeondoka. Kila alipotaka nilisema, na sikuongeza hata neno moja.